SOMO LA MASHINE: KUIPA INJINI NDOGO PUMZI YAKE



Wakati wa kiangazi miche ya mikarafuu iliyo kitaluni haingoji. Maji yakikosekana siku chache tu, taabu ya miezi mingi yaweza kukauka mbele ya macho ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo wengi wetu siku hizi hutegemea pampu yenye injini ndogo ya petroli, na siku pampu inaposimama ndipo mtu ajuapo thamani yake. Katika somo hili twataka kueleza jambo moja linaloharibu injini hizi polepole bila ya kelele, nalo ni kukosa pumzi. Hatusemi hewa ile inayovutwa na kabureta, maana hiyo kila mtu aijua. Twasema pumzi ya chini, yaani pumzi ya tumbo la mashine.

Dalili yake wengi wameiona. Mpira mdogo unaotoka katika kifuniko cha juu huanza kutema oili na kuchafua kichujio cha hewa. Mwenye mashine huona oili yake inapotea bure, basi hutafuta kijiti au bolti akauziba ule mpira. Siku ya pili oili hutokea mahali pengine pabaya zaidi: kwenye sili ya shafti, kwenye gasketi, au kwenye tundu la kutilia oili. Twajua sote kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini tundu hili ni pua ya mashine, na pua haizibwi.

WALIOJIFUNZA KWA MASHINDANO

Watu waliochungua sana jambo hili ni wale wanaoshindana kwa vigari vidogo viitwavyo gokati. Kigari cha kwanza cha namna hiyo kilitengenezwa California, Marekani, mwaka 1956 na fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels, naye alikitia injini ndogo ya West Bend ya mipigo miwili. Siku hizi vigari vingi vya wanaoanza na vya kujifurahisha hutumia injini za mipigo minne, na mojawapo inayojulikana sana ni Honda GX200, pamoja na nyingine nyingi zilizoundwa kwa kuiga umbo lake. Injini hiyo hiyo ndiyo inayoendesha pampu za maji, jenereta ndogo na mashine za kusaga. Kwa hiyo waliyoyajua watu wa gokati yanatuhusu na sisi, ila hatuna budi kuchagua: yako ya kuchukua, na yako ya kuwaachia wenyewe.

TUMBO LA MASHINE NI NINI

Chini ya silinda kuna sanduku la chuma ambamo shafti huzunguka na oili hukaa. Hilo ndilo tuliitalo tumbo la mashine. Juu ya pistoni kuna moto; chini ya pistoni kuna hewa, mvuke na matone ya oili yanayorushwa na shafti ili kulainisha vyuma vyote.

Mambo mawili hutokea humo kila wakati.

La kwanza, pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na ikipanda huipa nafasi tena. Injini yenye silinda nyingi huwa na pistoni moja inayopanda nyingine ikishuka, nazo husaidiana. Injini yetu ina pistoni moja tu, haina mwenziwe wa kumpokea hewa. Kwa hiyo tumbo lake hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, mfano wa mivuo ya mhunzi.

La pili, ringi za pistoni hazizibi kabisa, hata zikiwa mpya. Kila moto unapowaka, moshi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia tumboni. Ndani ya moshi huo mna petroli isiyoungua na mvuke wa maji. Msomaji asistaajabu kusikia habari ya maji: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja. Mengi hutoka kwa eksozi kama mvuke, lakini kiasi hushuka tumboni. Mashine ikiendeshwa dakika chache kisha ikazimwa kabla ya kupata moto sawasawa, maji hayo hubaki katika oili na kuifanya nyeupe kama tui. Oili ya namna hiyo hailainishi vyuma vizuri, na huviacha vishike kutu.

KIPUMULIO NA MLANGO WAKE

Ili moshi na hewa ya ziada vitoke, mashine imepewa kipumulio. Katika baadhi ya injini kimo ndani ya kifuniko cha valvu. Katika nyingine, hasa za zamani, ni kikasha kidogo ubavuni. Mara nyingi kipumulio huwa na sehemu tatu. Kwanza, mlango mdogo, ambao ni kibamba chembamba cha chuma au kisahani chepesi. Pili, chumba chenye vizuizi, ambapo matone ya oili hugonga na kurudi chini kwa kitundu kidogo. Tatu, mpira unaopeleka moshi kwenye nyumba ya kichujio cha hewa ili uvutwe na kabureta na kuunguzwa.

Siri yote imo katika ule mlango. Pistoni ikishuka, mlango hufunguka na hewa hutoka. Pistoni ikipanda, mlango hujifunga na hewa ya nje haiingii. Baada ya mizunguko michache, kani ya hewa iliyo tumboni huwa pungufu kidogo kuliko ya nje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana penye upungufu huo oili haisukumwi kutoka. Hata gasketi iliyochoka kidogo haivuji.

Mlango ukikwama hali umefungwa, moshi hujaa tumboni na kutafuta njia kwa nguvu. Ndipo sili zinapotema oili, na nyingine hupanda kando ya ringi ikaungua na kutoa moshi wa buluu. Mlango ukikwama hali u wazi, mashine huvuta na kutoa hewa kwa tundu lile lile, upungufu ule hauwi, na oili huchukuliwa na hewa iendayo kasi. Na kama mpira umechomoka, mashine huvuta na vumbi la shamba. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama tupa, na kazi yake ni kukwangua silinda na ringi.

HESABU KIDOGO

Honda GX200 ina pistoni yenye upana wa milimita 68, nayo husafiri milimita 54. Ukizidisha utapata sentimita 196 za ujazo. Hicho ndicho kiasi cha hewa kinachosukumwa pistoni inaposhuka mara moja. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, hewa inayosukumwa tumboni kwa sekunde moja ni kama lita 11.8. Si yote itokayo nje, kwa kuwa mlango huzuia isiende na kurudi; lakini hesabu hii yaonyesha shughuli iliyomo ndani ya kijisanduku kile.

Watu wa gokati huenda mbali zaidi. Baadhi yao huondoa gavana, kile chombo kinachozuia mashine isikimbie kupita kiasi, wakaizungusha mara 6,000 kwa dakika. Hapo hewa inayosukumwa hufika kama lita 19.6 kwa sekunde. Juu ya hayo, kigari kinapokata kona kwa kasi oili hukimbilia upande mmoja na kupanda mpaka kwenye kifuniko. Kwa mwendo huo kipumulio cha kiwandani huweza kushindwa, oili ikamwagika katika kabureta na plagi ikachafuka.

Dawa yao ni kupanua njia. Hapa yafaa kukumbuka kanuni moja: upana wa tundu ukizidi mara mbili, nafasi ya kupita huzidi mara nne. Tundu la milimita 3 lina eneo la milimita za mraba 7. La milimita 6 lina 28. Kwa hiyo huongeza tundu lenye nafasi katika kifuniko cha valvu, hutia mpira mpana, na kuupeleka kwenye kopo la kukingia oili badala ya kwenye kabureta. Tena mlango wa upande mmoja huubakisha, au huuweka mwingine njiani. Asiyeuweka hupata tundu kubwa lakini hapati ule upungufu wa kani unaozuia uvujaji.

YA KUCHUKUA NA YA KUACHA

Pampu ya shambani haikati kona wala haizunguki mara 6,000. Ikiwa na gavana wake, kipumulio alichoweka mtengenezaji chatosha. Kwa hiyo pampu ikitema oili, jua ya kwamba kuna kitu kimeharibika au kimekosewa, na kutoboa tundu kubwa kutaficha ugonjwa bila ya kuuponya. Gavana asiguswe kabisa. Injini ikizidishiwa mwendo hali vyuma vyake ni vya kawaida, mkono wa pistoni waweza kukatika, na gurudumu zito laweza kupasuka na kurusha vipande. Wenye kushindana kwa mwendo mkubwa hubadili vyuma hivyo kwanza, kwa gharama kubwa.

La kuchukua kwao ni mambo mawili: heshima kwa ule mlango wa upande mmoja, na lile kopo, ambalo tutaona lafaa kwa kupimia afya ya mashine.

MAMBO YA KUTAZAMA KWANZA

Fuata mpango huu, wala usiruke hatua. Hatua za mwanzo hazina gharama.

1. Kimo cha oili. Iweke mashine mahali palipo sawa, izime, uingoje itulie. Oili ikizidi, shafti huipiga ikawa povu, na povu hutoka kwa kipumulio. GX200 hutaka oili lita 0.6 tu. Kosa la kuijaza kupita kiasi ndilo jepesi kuliko yote kuliondoa.

2. Mahali pa kuweka mashine. Visiwa vyetu vina vilima na mabonde, na pampu nyingi huwekwa ukingoni mwa kijito, zimeinama. Injini ikiinama, oili hukimbilia upande mmoja ikafika pasipotakiwa, na upande wa pili vyuma vikakosa. Kitabu cha injini ya namna hii hukataza kuinama kupita nyuzi 20. Chimba kidogo, weka mbao au mawe mapana, uipe kitako kilicho sawa.

3. Kichujio cha hewa. Kikijaa uchafu, injini hushindwa kuvuta hewa kwake, ikavuta kwa nguvu kupitia mpira wa kipumulio na kunyonya oili. Kisafishe kila baada ya saa 50 za kazi, na mapema zaidi penye vumbi.

4. Mpira wa kipumulio. Utazame wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usiwe umekunjika, umepasuka, umelainika kwa oili hata ukajibana, wala usiwe na bonde linalotuamisha maji. Mpira mpya ni kitu cha bei ndogo. Ila uwe wa namna inayostahimili oili na joto, usiwe mpira wa kumwagilia bustani.

5. Kupima pumzi. Washa mashine mpaka ipate moto, iache izunguke polepole, kisha chomoa mpira upande wa kichujio kwa dakika moja tu. Weka kiganja mbele ya mdomo wake, ukijihadhari na eksozi. Ukisikia pumzi nyepesi inayopigapiga, ni vyema. Ukisikia upepo mkali wenye moshi mzito, huenda ringi zimekwisha au gasketi ya kichwa inapitisha; hapo kazi ni ya fundi. Usiposikia kitu, njia imeziba. Izime mashine usafishe kipumulio. Usivute sigara wakati wa kazi hii, kwa maana moshi huo una mvuke wa petroli.

KUSAFISHA KIPUMULIO

Ngoja mashine ipoe. Futa vumbi lote la nje kabla ya kufungua, lisije likaanguka ndani. Fungua kifuniko au kikasha, na uitoe gasketi kwa uangalifu. Ikikatika, tafuta nyingine. Osha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe kabisa. Kitazame kile kitundu cha kurudishia oili: kikiziba, oili hujaa chumbani na kutoka nje hata kama mlango ni mzima. Kizibue kwa ujiti laini, usikipanue.

Kisha jaribu mlango. Kwa kipande cha mpira safi, puliza kutoka upande wa ndani: hewa ipite. Puliza kutoka upande wa nje: izuiwe. Ikipita pande zote mbili, kibamba kimepinda au kimekatika, nacho hubadilishwa. Injini za zamani za Briggs & Stratton zenye kisahani cha faiba zina kipimo chake: waya wenye unene wa milimita 1.1 usiweze kuingia kati ya kisahani na kikalio chake. Usikisukume kisahani kwa nguvu wakati wa kupima, kwani ni chepesi kuharibika.

Rudisha kila kitu mahali pake, kaza bolti kwa zamu na kwa kiasi, kisha badili oili. Desturi njema ni kubadili oili ya injini mpya baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila baada ya saa 100 au miezi 6. Na kila uwashapo mashine, iache ifanye kazi mpaka ipate moto sawasawa, ili maji yaliyomo katika oili yapate kugeuka mvuke na kutoka.

KOPO LA KUKINGIA OILI

Ikiwa umefanya hayo yote na bado una shaka, weka kopo kwa muda. Chukua kopo la chuma la nusu lita lenye kifuniko. Toboa matundu mawili: moja la kupokea mpira, na jingine la kutolea hewa, ulifunike kwa sifongo ya kichujio. Kopo lisilo na tundu la kutolea hewa ni sawa na kijiti kilichozibwa puani, kwa hiyo usilisahau. Lifunge juu kuliko kifuniko cha valvu, mbali na eksozi, na mpira upande bila ya bonde. Lile tundu lililobaki wazi kwenye nyumba ya kichujio lizibe barabara, ama sivyo mashine itavuta vumbi.

Sasa andika katika daftari. Kila baada ya saa 10 za kazi, tazama kilichoingia. Usilinganishe mashine yako na ya jirani. Ilinganishe na nafsi yake. Kiasi kikiwa kile kile mwezi hata mwezi, mashine ni nzima. Kikizidi kila mara, ringi zinakwisha, na wewe umepata habari mapema, kabla ya kiangazi kukukuta na pampu iliyokufa. Yakionekana maji na povu jeupe, injini haipati moto wa kutosha. Uchafu wa kopo usirudishwe katika injini, wala usimwagwe karibu na kisima au kitalu. Uhifadhi katika debe pamoja na oili kuukuu.

Ukiisha kupata jibu, urudishe mpira kwenye kichujio kama mtengenezaji alivyouweka. Kopo huachilia moshi hewani, ilhali njia ya asili huurudisha ukaunguzwa. Magari mapya ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yalianza kuwekewa mpango wa namna hiyo kwa sababu moshi wa tumbo la mashine ulikuwa unachafua hewa ya miji. Nasi tunao udhuru mwingine: karafuu iliyoanikwa jamvini hushika harufu upesi, na injini yoyote yenye moshi isiwekwe upande unaotoka upepo.

ONYO

Mambo haya yote ni ya injini za mipigo minne, zenye oili yake mbali na petroli yake. Mashine za mipigo miwili, zile zinazotiwa petroli iliyochanganywa na oili, kama vile misumeno na nyingi za mashine za kufyekea, hazina kipumulio wala hazikitaki. Ndani yake tumbo ndilo linalovuta mchanganyiko na kuusukuma juu ya pistoni, na ukilitoboa mashine haitawaka. Usilitoboe. Wala injini yoyote isiendeshwe ndani ya banda lililofungwa, kwani ndani ya moshi wa eksozi mna sumu inayoua bila ya kunusika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu bila ya kutazama juu, kisha usome tena pale uliposhindwa.

1. Kwa nini injini ya silinda moja hutaabika zaidi kwa pumzi kuliko yenye silinda nyingi?

2. Mlango wa kipumulio ukikwama hali u wazi, hasara yake ni nini? Na ukikwama hali umefungwa?

3. Pampu yatema oili. Ni mambo gani manne ya kutazama kabla ya kufungua kifuniko?

4. Tundu la milimita 4 likipanuliwa kuwa milimita 8, nafasi ya kupita huzidi mara ngapi?

5. Kwa nini dawa ya mwenye gokati huenda isiwe dawa ya mwenye pampu?

Wanachama walio jirani wafanye vyema wakisomea somo hili penye mashine yenyewe, mmoja akisoma na mwingine akishika spana. Gasketi, mpira na kichujio vyaweza kununuliwa kwa shirika na kuwekwa akiba kijijini, maana vitu hivi hutakiwa siku ile ambayo duka liko mbali. Mwenye kutazama pumzi ya mashine yake sasa, kabla ya mvua kukatika, atakuwa na maji kitaluni siku yatakapohitajiwa.